Mpaka Taa Izime

Mtaani walimwita Rubani, mtu ambaye hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege. Kazi yake ilikuwa kuchonga meno ya bandia kwenye maabara ya meno, na kutwa nzima alikuwa ameinamia nta kwa kisu chembamba, akimtengenezea mtu asiyemjua tabasamu la kuendea harusini. Starehe yake ilikuwa vindege. Alivitengeneza mwenyewe kwa povu gumu na vijiti vyepesi, akavitia mota na betri, na kila Jumamosi jioni alivirusha kwa rimoti kwenye kiwanja kilichokuwa wazi nyuma ya ghala la saruji. Watoto walimshangilia. Watu wazima walimcheka, lakini kwa adabu, kwa sababu huwezi kujua ni lini utahitaji meno.

Mkewe, ambaye wateja wake walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, hakushangilia wala hakucheka. Yeye alikuwa anaogopa.

Woga wenyewe haukuwa wa bure. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: majora ya vitambaa yamepandana mpaka usawa wa dirisha, magauni ya wateja yananing'inia ukutani, vipande vya bitana vimejaa chini ya meza. Katikati ya mali yote hiyo inayosubiri cheche tu, mumewe alikuwa anachaji betri. Nazo hazikuwa betri ngumu kama za tochi. Zilikuwa laini, zimefungwa kwa plastiki nyembamba, na siku moja mojawapo ilivimba tumbo pale pale mezani, mpaka Rubani akaibeba kwa koleo na kwenda kuifukia kwenye ndoo ya mchanga uani. "Hamna kitu, mama watoto," alisema, huku jasho likimtiririka. Tangu hapo Fundi alikosa raha na chochote chenye waya.

Chaja yao ilikuwa ya bei poa, na ilikuwa na taa moja nyekundu. Taa ikiwaka, betri inakula. Taa ikizima, imeshiba. Ndivyo Rubani alivyosema, kula na kushiba, kana kwamba anafuga kuku. Kila Jumamosi asubuhi aliichomeka, akaenda kazini kwa nusu siku, na Fundi akabaki peke yake na taa ile. Alijaribu kushona akiwa ameipa mgongo, akashindwa. Akageuza kiti aitazame, akashindwa zaidi. Aliigusa betri kwa mgongo wa kidole, akaona ina uvuguvugu, na mwisho wake ukawa ule ule kila mara: aliizima swichi ya ukutani. Taa ikazima. Rubani aliporudi aliuliza akiwa bado mlangoni, "Imeshiba?" naye akajibu, "Imeshiba, nimeizima kabisa ukutani."

Hakuuona kuwa ni uongo. Aliona anamwondolea mtoto sahani kabla hajala mpaka akaumwa tumbo. Betri ikikosa vijiko viwili vitatu kutakuwa na ubaya gani?

Siku hizo hizo vindege vikaanza kuanguka. Kimoja kilivunjika bawa, kingine kiligonga ukuta wa ghala kikawa makombo. Rubani alirudi nyumbani amekibeba mikononi, akaketi kugundisha vipande. Fundi alimwonea huruma, na kwa siri akaombea achoke.

Kitu kimoja tu kilimpa faraja. Kila asubuhi alipofunua meza yake alikuta sindano zake za mkono, zile zinazokaa kwenye kimto, zote zimetungwa uzi. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua kwa vitu vya karibu na hakuwa amemwambia mtu. Bwana huyu ameona, alijisemea, na anaona haya kusema. Watoto wamekua wameondoka, sisi tumezeeka, na bado anajua kunidekeza. Majuma hayo alimpikia kwa moyo, akamwachia na kile kipande kikubwa.

Lakini mapenzi hayazimi woga. Juma lile akakata shauri. "Baba watoto," alisema, "nunua chaja inayojilinda yenyewe, la sivyo hivyo vindege vitafute nyumba ya kupanga." Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maneno yote ameyapanga. Rubani akasema tu, "Sawa. Jumamosi nikitoka kazini twende wote, ukachague mwenyewe." Kukubali kwake haraka namna hiyo kulimtia wasiwasi zaidi kuliko kama angebishana mpaka jioni.

Jumamosi ikafika. Rubani aliichomeka betri asubuhi kama kawaida, Fundi akaizima kama kawaida. Mchana akaulizwa kama imeshiba, akasema imeshiba. Wakatoka.

Duka lilikuwa refu na jembamba, limejaa waya, mota na magurudumu madogo mpaka darini. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekalia stuli iliyolalamika kila alipopumua. Aliwapangia chaja tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa pacha wa ile ya nyumbani.

"Hii inamimina tu," alisema. "Betri yenu ina seli tatu ndani, yaani ni betri tatu zimeshikana mikono. Hii haijui nani kashiba na nani bado. Hii ya katikati ina plagi ndogo ya pembeni, inaikagua kila seli peke yake. Ikiona moja imetangulia, inaishikilia mpaka wenzake wafike."

"Ikipata joto je?" akauliza Fundi.

"Inajizima."

"Nikisahau?"

"Inajizima, mama."

"Na yenyewe ikisahau?"

Muuzaji akamgeukia Rubani. "Kaka, huyu ulimpata wapi? Ningekuwa na wateja watano kama yeye ningefunga duka nikalime."

Fundi alimtazama mumewe ili wacheke pamoja. Rubani alikuwa anaangalia vidole vyake juu ya kioo cha kaunta.

Fundi akaishika ile chaja ya katikati, akaipindua huku na huku. "Mbona haina waya wa ukutani?"

"Haina. Umeme wa ukutani ni mkali, hii haiuwezi. Inataka pawa saplai." Muuzaji akainama kwa kuguna, akainua boksi la chuma lenye feni pembeni. "Hili ndilo linaloushusha umeme kwanza, kisha linailisha chaja. Na hapa ndipo watu wengi wanapotia aibu. Anatumia pesa yote kwenye chaja ya maana, halafu anaiunganisha na kale kaboksi ka kompyuta iliyokufa. Chaja inaomba wati mia, kaboksi hakana, kanachemka..."

"Kanachemka?" Fundi akadakia.

"Mpaka kananuka."

Hapo Fundi alinyoosha kidole kwenye boksi kubwa kuliko yote, lililokaa rafu ya juu kabisa.

"Lile ni la kuendeshea redio za mnara, mama. Utawachajia mtaa mzima. Chukua hili, lina nguvu kuzidi chaja kidogo, halitatoka jasho." Kisha akamuuliza Rubani, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Na vindege vyenyewe vinaruka salama?"

Rubani aliondoa vidole kwenye kioo. "Vinaanguka."

"Vinaangukaje?"

"Kinapanda vizuri. Kinazunguka vizuri. Nimeweka saa yangu kwa muda wa betri iliyojaa, lakini kabla saa haijalia, mota inanyamaza. Kinadondoka."

"Basi hiyo betri haikujaa."

"Ilijaa."

"Ulipima?"

"Sikupima. Mke wangu alikuwepo nyumbani, aliona taa imezima." Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayesema mlango umefungwa kwa sababu aliufunga mwenyewe.

Fundi akairudisha ile chaja juu ya kaunta.

"Kama ilijaa," muuzaji akasema, "basi ni kidole chako. Kile gumba kinachoshika kijiti cha mwendo. Kinateleza kinarudi chini bila wewe kujua, mota inazima. Vijana wanaoanza huwa inawatokea."

"Mimi sianzi," Rubani akasema. "Na hicho hicho ndicho ninachokiogopa. Baba yangu alikuwa mchora mabango, na ugonjwa wa kutetemeka ulimwanzia kwenye kidole gumba."

Fundi hakuhitaji kuhadithiwa. Ni yeye aliyemlisha baba mkwe wake uji kwa kijiko mpaka mwisho, ni yeye aliyemshikilia mkono ule usiotulia hata usingizini. Alikuwa mzee wa maneno mengi na rangi nyingi, na mwishoni hakuweza kufunga kifungo cha shati.

Rubani akamgeukia. Sasa hakuwa anazungumza na muuzaji. "Sikutaka kukutisha, mama watoto. Wewe hofu zako zinakutosha. Nimekuwa nikijipima kimya kimya. Asubuhi kabla hujaamka natunga uzi kwenye sindano zako. Siku nyingine unaingia vizuri. Siku nyingine nahangaika mpaka najichoma." Akakunja ngumi, akaikunjua. "Ndiyo maana nilikubali hii chaja. Nataka nijue ni chaja au ni mimi. Leo nikirusha kwa betri iliyojaa kwa kitu cha kuaminika, kikadondoka tena, Jumatatu namwambia bosi anitoe kwenye kuchonga. Anipe kupokea wateja, anipe kufagia. Siwezi kumharibia mtu kinywa kwa mkono nisioutawala."

Fundi alifungua mdomo. Muuzaji alikuwa anawatazama wote wawili kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomfunga ulimi kabisa. Angeanzaje, mbele ya mtu wa nje, kusema kwamba sindano alizozifurahia majuma yote hayo zilikuwa hofu ya mumewe, na hofu ya mumewe ilikuwa kazi ya mkono wake yeye?

"Uzuri wa hii," muuzaji alisema akiifunga chaja kwenye boksi lake, "ukichomeka betri tu, kioo kinakuonyesha imejaa kiasi gani. Hata kabla hujaanza kuchaji."

"Vizuri," Rubani akasema. "Nitaanza na ile ya leo asubuhi. Ile imejaa tayari. Nione kama kioo hakidanganyi."

"Ongezeni na kipima volti. Ni kadogo, kanaingia mfukoni, kanakuambia betri imejaa kiasi gani."

"Hatuna haja nacho," Rubani akasema. "Yupo mama watoto."

Njia ya kurudi Fundi hakuiona. Rubani alibeba pawa saplai begani, yeye akapakata boksi la chaja, na kila hatua alijiambia sasa. Sasa, tukifika kwenye kona. Sasa, tukipita kinyozi. Kichwani aliiona ile betri mezani, ina njaa, na kioo kikisema hivyo mbele ya mtu aliyekataa kununua kipimo kwa sababu ana mke.

Walipokaribia nyumbani akasimama ghafla. "Uzi mweusi umeniishia," akasema. "Nina gauni la kumaliza leo. Nichukulie mwingine dukani, nipe hilo boksi." Kwenye droo yake kulikuwa na reli tatu za uzi mweusi. Rubani alimkabidhi boksi, akageuka, na akaenda kwa mwendo wa haraka wa mtu aliyefurahi kutumwa.

Fundi naye akatimua mbio, boksi moja kila kwapa. Aliingia, akayabwaga kitini, akawasha swichi ya ukutani. Taa nyekundu ikawaka. Akaishikilia meza kwa mikono miwili. "Kula," aliiambia betri. "Kula basi, kula upesi." Kitu alichokiogopa miezi yote hiyo sasa alikuwa anakibembeleza kishibe. Akaigusa. Uvuguvugu ule ule. Safari hii hakuogopa moto, aliogopa saa.

Haikumsaidia. Taa ilikuwa bado nyekundu vile vile aliposikia kikohozi cha mumewe nje, na viatu vyake vikipanguswa kwenye gunia la mlangoni. Duka la uzi lilikuwa karibu mno, naye ndiye aliyemtuma huko.

Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Na hapo, katika ule muda wa mtu kupangusa kiatu cha pili, akaona njia nyeupe kabisa. Azime. Aseme imeshiba. Kioo kitaonyesha haikujaa, na mumewe atasema kumbe chaja ndiyo mbovu, tazama, ilikuwa inazima taa kabla ya wakati. Atafurahi. Mikono yake itakuwa mizima, kazi yake itabaki, na lawama yote itakwenda kwa kikasha cha plastiki kisicho na mdomo. Nani ataumia?

Macho yake yakaangukia kimto cha sindano. Zote zilikuwa zimetungwa, kama kila asubuhi, na yeye alizipita bila kuzitazama kwa karibu. Sasa alizitazama. Uzi wa moja ulikuwa umetafunwa ncha mpaka ukawa kama brashi. Wa nyingine ulikuwa na doa dogo la kahawia, la damu iliyokauka. Mtu aliyeketi hapa kabla hajapambazukiwa alikuwa amelowesha, amekosa, amejichoma, amelowesha tena, peke yake, huku yeye amelala fofofo akidhani anapendwa.

Akauondoa mkono kwenye swichi.

Rubani aliingia na kifuko cha uzi. Akaiona taa. "Si ilikuwa imeshiba?"

"Haijawahi kushiba," Fundi akasema. Sauti ilitoka nyembamba, hakuitambua. "Nilikuwa naizima. Ukishaondoka tu, nakaa nayo kidogo, nashindwa, naizima. Kila Jumamosi, tangu ile nyingine ivimbe. Niliogopa nyumba itaungua. Wewe ukiniuliza nakuambia imeshiba."

"Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi. Mikono yako haina kitu, baba watoto. Ni mimi."

Rubani aliketi kwenye kiti cha wateja, kile wanachokalia wakisubiri kupimwa. Alikipakata kile kifuko cha uzi. "Nimeanza kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto," alisema. "Hukuona? Nilikuwa najizoeza."

Fundi alitamani mumewe amfokee, avunje kitu, apige meza. Rubani aliinuka tu, akaichomoa betri kwenye chaja ya zamani, akafungua maboksi mapya na kuunganisha waya mmoja baada ya mwingine, pawa saplai ukutani, chaja kwenye pawa saplai, betri kwenye chaja na ile plagi ndogo pembeni. Mikono yake ilitetemeka sasa, kwa hasira, na kila waya uliingia mahali pake. Kioo kikawaka. Betri haikuwa imefika hata nusu. Alikitazama, akavuta kiti cha Fundi mpaka mbele ya meza.

"Kaa nayo," akasema. "Mpaka ijae. Usiiguse." Akatoka kwenda kukaa uani.

Fundi alikaa. Feni ya pawa saplai ilinguruma, tarakimu zikapanda kwa uvivu wa kuudhi, na yeye akajikaza kisabuni, ndoo ya mchanga ameisogeza miguuni. Kila kitambaa chumbani kilionekana kimemkaribia. Mara kadhaa mkono wake uliinuka wenyewe, naye akaukalia, akaukalia kweli, chini ya paja, mpaka ukafa ganzi. Chaja ilipolia kujulisha imemaliza, aliruka kama aliyeumwa na siafu. Rubani aliingia, akasoma kioo, akachukua betri na kindege, akaondoka. Hakumwita. Fundi akajifunga kanga akamfuata kwa mbali.

Kiwanjani alisimama kwenye ukuta wa ghala. Kindege kilipanda, kikageuka juu ya watoto, kikaenda mpaka kikawa kidogo kabisa, na pale pale kilipozoea kunyamaza kikaendelea kunguruma. Fundi alikuwa anauma kidole. Kikazunguka tena, na tena. Saa ya Rubani ikalia mkononi mwake na mota bado inaimba. Akakiteremsha kwa magurudumu, kikatua taratibu kikasimama mbele ya viatu vyake. Watoto walipiga kelele. Rubani hakukitazama. Alikuwa ameinua kidole gumba mbele ya uso wake, anakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa jioni, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Alipopita karibu na mkewe alisema neno moja tu. "Ilijaa."

Jumatatu alikwenda kazini na visu vyake, na hakuwa na la kumwambia bosi. Jioni ile ya Jumamosi, na kutwa ya Jumapili, walizungumza mambo ya chumvi na sabuni, kwa upole, kama wageni wawili waliopanga nyumba moja. Jumatatu hiyo Fundi alipofunua meza yake, mfukoni mwa koti la mumewe lililotundikwa ukutani aliona kikasha kidogo kimechomoza. Kilikuwa kipima volti, kipya, bado kina karatasi ya dukani.

Akakirudisha kama alivyokikuta. Kisha akavuta kimto karibu. Sindano, ambazo nyuzi zake alizimaliza kwa gauni la mteja Jumapili, zilikuwa zimesimama zote, kavu, hakuna hata moja iliyotungwa uzi. Mumewe alikuwa mzima, hana tena sababu ya kuamka mapema. Fundi alilia kwa furaha hiyo, na kwa yale mengine pia. Kisha akalowesha ncha ya uzi, akaisogeza sindano dirishani, akaanza kulitafuta tundu mwenyewe.